Kutoka Huruma Hadi Lawama: Safari ya Neno la Kiayalandi Katika Lahaja ya Newfoundland

Utangulizi

Wahenga wa pwani yetu walinena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii humsifu mtu anayezungukazunguka ufuoni maji yanapokupwa, kwa kuwa mtu huyo hakosi kitoweo. Kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, katika kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, kuna jamii nyingine ya pwani ambayo ina neno linaloelekea kusema kinyume cha methali hiyo. Neno lenyewe ni hangashore. Msemaji wa Kiingereza akilisikia hudhani kwamba limeundwa kwa maneno mawili: hang, yaani kuning'inia, na ashore, yaani kwenye nchi kavu. Kwa mujibu wa dhana hii, hangashore ni mwanamume anayening'inia nchi kavu ilhali wenzake wako baharini wakivua. Kwa ufupi, ni goigoi.

Maelezo haya yanaridhisha, lakini si ya kweli. Neno hili halikuzaliwa katika Kiingereza. Asili yake ni Kiayalandi, lugha ya Kikelti ya watu wa Ayalandi, na hapo mwanzo halikuwa neno la kulaumu. Lilikuwa neno la kuhurumia. Makala haya yananuia kueleza jinsi neno la mtu wa kuonewa huruma lilivyopata kuwa neno la mtu wa kulaumiwa, na kwa nini badiliko hilo lilitukia mahali pale na si kwingineko. Hoja yetu kuu ni kwamba sauti na maana za neno hili zilibadilika pamoja, na kwamba kilichoziongoza ni kazi iliyowalisha watu.

Asili na Umbo la Neno

Katika Kiayalandi, ainnis ni neno lenye maana ya dhiki au unyonge. Hutumika pia kumsifia mtu aliye katika hali hiyo. Lugha hiyo ina kiambishi tamati -óir au -eoir ambacho huunda nomino za watu. Kwa mfano, múinteoir ni mwalimu na feirmeoir ni mkulima. Ainnis likiongezwa kiambishi hicho huzaa ainniseoir, yaani mtu wa dhiki. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na mbinu hii. Sisi nasi hutwaa mzizi wa sifa kama -nyonge au -vivu, tukauwekea kiambishi cha ngeli ya watu, tukapata mnyonge na mvivu. Tofauti ni kwamba sisi huweka alama ya mtu mwanzoni mwa neno, nao huiweka mwishoni. Tofauti hii ndogo ya kimofolojia itakuwa na uzito mkubwa katika maelezo yanayofuata.

Kuhusu matamshi, kanuni mbili zatosha. Kwanza, herufi s ya Kiayalandi ikipakana na irabu e au i hutamkwa kama sh ya Kiswahili. Pili, nn inayopakana na irabu hizo ni nazali ya kaakaa iliyo karibu na ny yetu. Katika Kiingereza cha Ayalandi, nazali hiyo imesikika na kuandikwa ng. Ndiyo sababu neno liliingia katika Kiingereza cha Waayalandi kwa umbo la angishore.

Mtafiti P. W. Joyce, mzaliwa wa kaunti ya Limerick, aliliorodhesha umbo hilo katika kitabu chake English as We Speak It in Ireland kilichochapishwa mwaka 1910. Alilifafanua kuwa ni kiumbe maskini mwenye dhiki, awe mwanamume au mwanamke, na kulihusisha moja kwa moja na ainniseoir ya Kiayalandi. Mambo mawili yafaa kukumbukwa katika fasili hiyo. La kwanza ni kwamba hakuna uvivu ndani yake. La pili ni kwamba neno halibagui jinsia.

Waliolivusha Neno Bahari

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17, meli za Waingereza zilizokwenda kuvua Newfoundland zilitia nanga katika bandari ya Waterford, kusini mashariki mwa Ayalandi, ili kuchukua chakula na vibarua. Uhamaji huo ulikua katika karne ya 18, ukafikia kilele mwanzoni mwa karne ya 19, kisha ukafifia baada ya miaka ya 1830. Walio wengi walitoka katika kaunti za Waterford, Wexford, Kilkenny na Tipperary, na wengine Cork. Mkataba wa kawaida wa mtumishi ulikuwa wa misimu miwili ya kiangazi na mmoja wa baridi. Waayalandi walikiita kisiwa hicho Talamh an Éisc, yaani Ardhi ya Samaki. Samaki aliyekusudiwa ni chewa wa bahari baridi, na hadi leo mwenyeji wa Newfoundland akisema samaki bila ya kuongeza neno lolote, huwa anamaanisha chewa huyo.

Miongoni mwa watu ambao fasihi ya Kiayalandi inawahusisha na safari hiyo ni mshairi Donncha Rua Mac Conmara (1715–1810), aliyepata kuwa mwalimu katika kaunti ya Waterford. Utenzi wake Eachtra Ghiolla an Amaráin unahusu safari ya kuelekea Newfoundland, na anwani yake yaweza kufasiriwa kuwa visa vya kijana wa mkosi. Tunautaja kwa sababu anwani hiyo inaonyesha kwamba katika lugha ya wahamaji wale mtu wa mikosi aliweza kuwa mhusika mkuu wa utungo. Dhiki haikuwa lazima iwe kosa la mwenye dhiki.

Lugha yenyewe haikudumu ng'ambo. Kiayalandi kilizungumzwa Newfoundland kwa vizazi kadhaa kisha kikatoweka. Nchini Ayalandi kwenyewe hali haikuwa njema. Sensa ya mwaka 1851, iliyofanywa baada ya njaa kuu na iliyokuwa ya kwanza kuuliza kuhusu lugha, ilikuta wasemaji takriban milioni 1.5, ambao ni kama asilimia 23 ya wakaaji wote. Lugha inapokufa, si maneno yake yote yanayokufa pamoja nayo. Ya kumtaja na kumpima mwenzio ni miongoni mwa yale yanayosalia, kwa kuwa husemwa jikoni, mashuani na vilingeni, mahali ambapo hakuna anayesahihisha lugha ya mwenziwe.

Jinsi Kiambishi Kilivyogeuka Ufuo

Newfoundland, Waayalandi walikutana na walowezi waliotoka magharibi mwa Uingereza, hasa kaunti za Dorset na Devon. Lahaja za watu hao zilikuwa na tabia ya kudondosha h mahali inapotarajiwa na kuichopeka mahali isipotarajiwa. Neno angishore lilipofika katika vinywa vyao, lilikuwa tayari kuvishwa h mwanzoni. Likawa hangashore.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Sehemu ya mwanzo ilifanana na kitenzi cha kuning'inia. Ile -eoir, iliyokuwa alama tu ya mtu, ilipoungana na sh iliyoitangulia ilifanana na neno la Kiingereza lenye maana ya ufuo. Wanaisimu huliita jambo hili etimolojia ya umma. Ni hali ambapo wazungumzaji, wakikutana na neno wasilolijua asili yake, hulikata upya na kulipa asili wanayoweza kuielewa.

Wanafunzi wa Kiswahili wana mfano wa karibu. Neno la Kiarabu kitāb lilipopokelewa, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi ki-, na hivyo wingi ukawa vitabu. Katika Kiarabu, k ile ni sehemu ya mzizi wenyewe. Hali kadhalika kipilefti, neno lililotokana na amri ya Kiingereza ya kushika upande wa kushoto barabarani, lilipata wingi wa vipilefti. Katika mifano yetu, sehemu ya mzizi iligeuzwa kiambishi. Katika hangashore mambo yalikwenda kinyume: kiambishi kiligeuzwa mzizi. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa zaidi. Kitabu kilibaki kitabu; maana yake haikuguswa na wingi mpya. Hangashore lilipokatwa upya lilipata maana mpya iliyomwangukia binadamu.

Kamusi ya Kiingereza cha Newfoundland, Dictionary of Newfoundland English, iliyohaririwa na G. M. Story, W. J. Kirwin na J. D. A. Widdowson na kuchapishwa mwaka 1982, inaonyesha matokeo hayo bayana. Maana ya kwanza ni mtu dhaifu au mgonjwamgonjwa, mtu asiye na bahati anayestahili kuhurumiwa. Maana ya pili ni mwanamume anayehesabiwa kuwa mvivu mno hata haendi kuvua, mtu asiyefaa kitu. Tukiilinganisha na fasili ya Joyce, tunaona kwamba lile la huruma limehifadhiwa, la uvivu limeongezwa, na katika maana hiyo iliyoongezwa mwanamke ameondoka. Aibu ya kutokwenda baharini ilikuwa ya mwanamume.

Kwa Nini Lawama?

Kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi kueleza badiliko hili. Maneno mengi hufanana na mengine bila ya kubadilika maana. Ni sharti tutazame kazi ya wenyeji.

Uvuvi wa Newfoundland uliendeshwa kwa mkopo. Mfanyabiashara alimpa mvuvi chumvi, nyuzi, unga na chai mwanzoni mwa msimu, naye alilipwa kwa samaki waliokaushwa msimu ulipokwisha. Fedha taslimu zilikuwa adimu. Msimu wenyewe ulikuwa mfupi, miezi michache ya kiangazi, na kilichopatikana humo ndicho kilichoilisha familia wakati wa baridi. Katika mazingira hayo, mwanamume mwenye nguvu aliyebaki ufuoni mwezi wa Julai alikuwa mdomo wa kulishwa usiokuwa na mkono wa kuvua. Jamii ilihitaji jina la kumwita, na neno lilikuwepo tayari likingoja.

Lakini mwanamume mgonjwa naye alibaki ufuoni. Kwa macho, hawa wawili hawakutofautiana: mashua zimeondoka, nao wako nchi kavu. Neno moja likawa linawachukua wote wawili, na kazi ya kupambanua ikaachiwa sauti ya msemaji. Hapa ndipo uzito wa suala hili ulipo. Anayeitwa hangashore aweza kuwa amepewa pole, na aweza kuwa amehukumiwa. Lugha isiyo na neno la kumtenga asiyeweza na asiyetaka humweka asiyeweza mashakani kila siku.

Yafaa kuongeza kwamba ufuo ule haukuwa mahali pa kukaa bure. Samaki walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani juu ya vichanja, wakageuzwageuzwa na kufunikwa mvua iliponyesha. Kazi hii ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake na watoto, na bei ya samaki ilitegemea ustadi wake. Hivyo, neno linalodokeza kwamba aliye ufuoni hafanyi kazi lilipuuza nusu ya kazi yenyewe.

Jamaa za Hangashore

Neno hili halikusafiri peke yake. Amadán, mpumbavu wa kiume, na óinseach, mpumbavu wa kike, yote yalifika Newfoundland, yakaandikwa omadhaun na oonshick. Sraoill, mtu mchafu asiyejitunza, lilizaa streel, ambalo husemwa zaidi juu ya wanawake. Nchini Ayalandi kwenyewe, liúdramán, mtu mrefu mlegevu asiyependa kazi, limedumu katika Kiingereza cha huko.

Lenye kufunza zaidi miongoni mwa jamaa hawa ni spailpín. Katika Kiayalandi, spailpín alikuwa kibarua wa msimu aliyetoka kwao na kwenda kukodishwa katika mashamba ya mbali wakati wa mavuno. Kazi yake ilikuwa ngumu na ujira wake mdogo. Neno lilipopita katika Kiingereza kwa umbo la spalpeen, lilipata maana ya ayari au mtu asiyefaa. Aliyelitumia hivyo hakuwa kibarua mwenyewe bali alikuwa yule aliyemtazama kibarua akipita barabarani. Kiswahili kina kibarua, ambaye jina lake limetokana na udogo wa barua, yaani cheti cha kazi ya siku. Tumelipokea neno hilo bila ya kulifanya kuwa la uhalifu, ingawa hakuna asiyejua kwamba husemwa wakati mwingine kwa dharau.

Huruma Kugeuka Dharau

Safari hii ya kutoka huruma hadi dharau si ya Waayalandi peke yao. Neno silly la Kiingereza lilianza katika Kiingereza cha kale likiwa na maana ya mwenye heri. Baadaye likawa mtu asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, na sasa ni mpumbavu.

Mfano unaotugusa zaidi ni miskīn ya Kiarabu. Neno hili liliingia katika Kiswahili na kuwa maskini. Kwetu hutaja ufukara, na vilevile ni kihisishi cha huruma: mtu akisikia habari ya msiba hutamka, "Maskini!" hata kama aliyefikwa ni tajiri. Neno lilo hilo lilivuka bahari ya Mediterania likawa meschino katika Kiitaliano, mezquino katika Kihispania na mesquin katika Kifaransa. Huko mesquin ni mtu mwenye roho ndogo, bahili, asiye na ukarimu. Neno moja liligawanyika njia mbili. Upande wetu liliibeba huruma; upande wa pili lilibeba karaha.

Hata hivyo, tusijisifu kupita kiasi. Kiswahili kina methali zinazomcheka maskini anapopata, na kinalo neno maskini jeuri. Huruma na dharau hukaa jirani katika lugha yoyote, na ukuta ulioko kati yao ni mwembamba.

Pwani Mbili, Hukumu Mbili

Turejelee methali tuliyoianza. Kwa nini pwani moja imsifu mgaagaa na upwa, na nyingine imlaumu aliye ufuoni? Jibu liko katika bahari zenyewe. Katika pwani ya Afrika Mashariki, maji yakikupwa huacha wazi eneo pana la mchanga na miamba. Humo hupatikana pweza, chaza, kaa na kombe, na anayelizungukia eneo hilo kwa bidii hurudi na kitoweo. Upwa ni mahali pa kazi. Newfoundland, riziki ilikuwa chewa, na chewa alifuatwa kwa mashua. Anayekaa ufuoni kwa Mswahili yumo kazini. Anayekaa ufuoni kwa mvuvi wa Newfoundland amewaachia wengine kazi. Maneno ya uvivu, kwa hiyo, hayapimi uvivu kwa kipimo kimoja duniani kote. Hupima umbali wa mtu kutoka kwenye kazi inayothaminiwa mahali hapo.

Kipimo hicho nacho chaweza kuvunjika. Mnamo mwaka 1968, meli kubwa za nyavu za kukokota, nyingi zikiwa za mataifa ya kigeni, zilisaidia kufikisha uvuvi wa chewa wa kaskazini kwenye takriban tani 800,000. Samaki hawakuweza kuhimili. Tarehe 2 Julai 1992, serikali ya Kanada ilisimamisha uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Uvuvi wa kibiashara wa chewa hao ulifunguliwa tena mwaka 2024 kwa kiwango cha tani 18,000. Kwa zaidi ya miaka 30, maelfu ya wavuvi hodari walibaki nchi kavu kwa amri ya sheria. Kwa kufuata umbo la neno tu, wote walikuwa wamening'inia ufuoni. Kwa kufuata maana yake ya uvivu, hakuna hata mmoja aliyelistahili. Ile maana ya kale, ya mtu aliyefikwa na dhiki isiyo yake, ndiyo iliyolingana na hali yao.

Hitimisho

Makala haya yamedhihirisha kwamba hangashore ni ainniseoir, mtu wa dhiki, aliyebadilishwa sura na lugha ngeni na kubadilishwa hukumu na uchumi wa uvuvi. Mwanafunzi wa isimu aweza kutoka na mafunzo matatu. Kwanza, maelezo ya asili ya neno yanayoridhisha upesi ndiyo ya kuchunguzwa zaidi, hasa yanapoafikiana mno na yale ambayo jamii ingependa kuamini. Pili, mwenye kukusanya msamiati wa lahaja hana budi kurekodi maana ya huruma na ya lawama kila moja mahali pake, pamoja na jinsia na kazi ya anayetajwa, kama walivyofanya wahariri wa kamusi ya mwaka 1982. Lau wangeandika "mvivu" peke yake, wangelipitisha kosa la masikio kuwa ukweli wa kamusi. Tatu, neno la kumwita mtu mvivu ni lazima liulizwe: ni nani alilitamka, na alikuwa amesimama wapi?

Lahaja zetu kutoka Lamu hadi Vanga, na lugha zetu za bara, zimejaa maneno ya wanyonge, mafukara, magoigoi na wazembe ambayo bado hayajachunguzwa kwa jicho hili. Wazee wanaoyatumia kwa maana zake zote wangalipo. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa mwanaleksikografia, haki ya mnyonge ni fasili kamili ya jina analoitwa.